Fisha bodi ya gebo na ya upenu: mbao, PVC, bati au bodi ya saruji?

Mteja akinipigia kuuliza, "Fundi, fisha bodi nzuri ni ipi?", namjibu kwa swali: ya upande gani? Kimya kidogo, halafu: "Si ya nyumba nzima?"

Kosa linaanzia hapo. Fisha bodi ni bodi inayofunika ukingo wa paa, na nyumba ya mgongo wa tembo, yaani ya paa la miteremko miwili, ina kingo za aina mbili, na kila moja ina adui wake. Upenu, yaani ukingo wa chini ambako bati linamwaga maji, unasumbuliwa na maji na uzito. Gata, yaani mfereji wa kukusanya maji ya mvua, limening'inia pale, na gata likijaa majani ya mwembe linageuka tangi. Gebo, ile pembetatu ya ukuta inayopanda hadi kwenye kofia ya paa kileleni, haipati maji mengi ya bati. Yenyewe inapigwa na jua la mchana na upepo unaotafuta mwanya wa kuingia chini ya bati la mwisho. Tena iko juu, mahali ambapo ngazi ya jirani haifiki. Ukinunua kitu kimoja kwa kingo zote, upande mmoja umelipia nguvu usiyoihitaji, na upande wa pili umeweka kitu kitakachokuita tena baada ya misimu michache.

Mimi napaua nyumba Dar es Salaam na pwani ya karibu, Bagamoyo hadi Mkuranga. Kwa hiyo haya yameandikwa kwa joto na chumvi ya huku. Wa Mafinga, Arusha au Limuru apunguze hapa na kuongeza pale, nitamkumbuka mbele. Bei sitaziandika, maana zikikaa mwezi mmoja zimeshakuwa uongo. Pima gharama kwa ngazi: katika miaka kumi ijayo, mtu atapanda pale juu mara ngapi, na kila akipanda unalipia nini, ngazi au jukwaa zima?

Mbao

Mbao nyingi tunazopigilia ni paini za Mufindi na Njombe, na nyingi zinafika mjini zikiwa bado mbichi. Huhitaji kipimo kujua. Nyanyua ubao mmoja, kisha nyanyua mwingine uliokaa kibandani miezi miwili, mkono utakwambia. Au piga msumari: ukiona unyevu unajitokeza kuzunguka msumari, huo bado ni mti.

Ubao mbichi ukishapigiliwa unakaukia palepale ukiwa umebanwa. Hauna pa kwenda, kwa hiyo unapinda, unajikunja kama sahani, na unapasuka kwenye misumari. Hata ulio mkavu hautulii. Mbao haiongezeki sana kwa urefu, inaongezeka kwa upana. Ubao wa inchi 8 unaweza kuvimba milimita 3 hadi 5 ukitoka kwenye ukavu wa Januari na kuingia kwenye masika. Rangi ya mafuta iliyozeeka haivutiki kiasi hicho, ndiyo maana unaona mipasuko myembamba inayofuata nyuzi za ubao. Maji yanaingia kwa mipasuko hiyo na kutoka hayawezi, kwa sababu rangi ileile sasa inayafungia ndani.

Nyumba moja Mbezi niliitwa kubadilisha gata lililolegea. Kwa chini fisha bodi ilionekana nzima, nyeupe, inang'aa. Nilipofungua kishikio cha gata nikabonyeza kwa kidole gumba, kidole kikazama hadi kwenye kucha. Ndani ulikuwa unga, na rangi ndiyo iliyokuwa imeshikilia umbo la ubao. Bati lilikuwa fupi, halijafika ndani ya gata, kwa hiyo kila mvua maji yalikuwa yanarudi nyuma na kuteleza kwenye uso wa ubao. Bati linapaswa kuvuka fisha bodi kwa sentimita 5 hivi. Lile lilivuka moja na nusu.

Kuhusu mbao za "treated", angalia unachouziwa. Mbao iliyotiwa dawa kiwandani kwa mgandamizo ina ukijani uliozama. Kuna nyingine imechovywa tu, au imepakwa kwa brashi nyuma ya kibanda. Omba wakukatie ncha moja. Ukijani ukiishia kwenye ngozi, hiyo ni rangi, usiilipie bei ya dawa. Na hata ile ya kweli, kila unapoikata umefungua mlango: ncha iliyokatwa ipake dawa tena kabla hujaipandisha. Kwenye gebo jambo hili lina uzito zaidi, kwa sababu kila ubao unakatwa mshazari juu na chini, na ncha ya mshazari inakunywa maji kama mrija.

Rangi ipakwe pande zote nne, chini, kabla ya kupandisha. Mafundi wengi tunapandisha ubao mtupu na kupaka uso unaoonekana, halafu tunalaumu paini.

Sasa wema wake. Mbao inashika skrubu. Kishikio cha gata kikifungwa kwenye ubao wa inchi moja ulio mzima kimefungwa kweli. Ubao ukiharibika unatoa kipande unaweka kipande. Fundi yeyote ana msumeno. Na mbao haipigi kelele jua likiwaka. Kwa upenu, bado sijaona kitu kinachoipita kama mgongo wa kubebea gata, hata kama mbele yake utavalisha kitu kingine.

Mninga na mkongo? Zinadumu, hilo halina ubishi. Mteja mmoja alitaka gebo zote za mkongo. Nilimshauri mbao hizo atengenezee mlango, watu wauone.

PVC

Hapa nitakaa, kwa sababu hapa ndipo nilipoaibika.

Kazi yangu ya kwanza ya PVC niliifunga Januari, kuanzia saa moja asubuhi kabla jua halijakomaa. Bodi ndefu nzuri, nyepesi, rangi ya chokoleti kufanana na msauzi, ile aina ya bati la paa. Nilizibana ncha kwa ncha mpaka wembe haupiti, skrubu nikazikaza mpaka mwisho, nikasogea nyuma kuangalia, nikajisifu. Saa nane mchana mwenye nyumba akapiga simu. "Fundi, kuna mtu anatembea juu ya paa." Nilienda. Hakukuwa na mtu. Tak. Kimya. Tak, tak. Zilikuwa bodi zinasukumana. Ijumaa yake gebo la magharibi lilikuwa limejikunjakunja kama nyoka aliyekanyagwa mkia.

Hesabu yake ni rahisi na ningeifanya kabla. PVC inarefuka kwa joto takriban mara tano ya chuma. Bodi ya mita 6 ikitoka kwenye nyuzi 25 za alfajiri hadi nyuzi 65 za uso uliopigwa na jua, inaongezeka karibu milimita 14. Sentimita moja na nusu kasoro! Usipoipa nafasi itajitafutia, na itaipata kwa kuchomoka au kupinda.

Wenzetu wa Marekani, ambao wanavisha plastiki kuta nzima za nyumba na siyo ukingo peke yake, walishalimaliza hili zamani. Paneli zao na vipande vyao vya ukingo vina matundu marefu kama mbegu ya tende. Msumari unapigwa katikati ya tundu, na kichwa hakikandamizwi, kinaachwa na nafasi ndogo isiyofika milimita moja. Ukimaliza unashika paneli na kuisukuma kushoto na kulia, na isipoteleza umekosea. Kwenye gebo lao lote msumari wa kupiga usoni unaruhusiwa mahali pamoja tu, kwenye kile kipande kidogo cha mwisho kileleni, kwa sababu hakina urefu wa kurefuka. Yaani ukuta mzima umening'inizwa, haukugandishwa. Nilipoelewa hivyo niliacha kuifikiria PVC kama mbao nyeupe.

Siku hizi nafanya hivi: tundu kwenye bodi natoboa pana kuliko skrubu, skrubu yenye kofia pana, nakaza mpaka iguse kisha narudisha nusu mzunguko. Kati ya bodi na bodi naacha nafasi, milimita 6 au 7 kwa kila ncha ya bodi nikifunga asubuhi, pungufu nikifunga mchana, na nafunika kwa kiungio chake cha kuteleza. Sizibi kwa silikoni. Silikoni pale inachanika tu na kushika vumbi, gebo linaonekana limelia.

Mengine ya PVC ni ya kujua kabla hujalipa. Rangi nyeusi na kahawia zinameza jua, na PVC inaanza kulegea ikikaribia nyuzi 75 hadi 80. Nyeupe inarudisha mwanga na haifiki huko. Kama unataka kahawia kwa ajili ya bati lako, basi itafute kwenye bati, siyo kwenye PVC. Halafu kuna bodi zenye vyumba ndani, tupu kama mwanzi, na kuna za povu lililokolea. Zile tupu ukibonyeza zinabonyea, na ncha zake zisipozibwa kwa kofia, manyigu watahamia wiki hiyohiyo. Na hakuna kati ya hizo mbili inayobeba gata peke yake. Nyuma lazima pawe na ubao, au vishikio vifungwe kwenye vichwa vya kenchi, yaani kiunzi cha mbao kinachobeba paa.

Kitu ambacho vipeperushi havisemi: jiko la mkaa. Nyumba zetu nyingi zinapikia uani, chini ya upenu wa nyuma, hasa mvua ikinyesha. Nimeona bodi ya PVC iliyoinama kama mshumaa juu kabisa ya mahali mama mwenye nyumba anapokaangia maandazi. Moto haukuigusa, ni ule mvuke wa joto wa kila alfajiri. Upande huo usiweke PVC. Na ikiungua kabisa moshi wake una asidi, si wa kuvuta.

Baada ya kuisema hivyo, niseme pia: ikifungwa vizuri, nyeupe, upande usio na jiko, PVC haiozi, mchwa haimtaki, chumvi haijali, na hakuna mtu wa kupanda kuipaka rangi. Unaosha kwa sabuni na maji. Kwa nyumba ya ghorofa iliyo karibu na bahari hilo ni jambo kubwa.

Bati la kukunja

Hili ni bati lilelile la paa, limekunjwa kuwa umbo la fisha. Viwanda vya bati wanakukunjia ukiwapelekea vipimo, na unapata rangi ileile ya paa lako kwa sababu inatoka kwenye roli moja.

Kwa gebo, mimi chaguo langu ni hili, likivalishwa juu ya ubao. Sababu ni moja. Kwenye gebo tatizo kubwa ni ule mwanya kati ya bati la mwisho na fisha bodi. Ukiwa na mbao au PVC unahitaji kitu cha pili cha kuufunika. Bati linakunjwa kipande kimoja: linapanda juu ya mgongo wa kwanza wa paa, linageuka, linashuka mbele ya ubao, na chini linapinda kidogo ndani ili tone lidondoke lisirudi. Upepo wa kusi ukija na mvua ya kulala haupati pa kushika, na ubao uliomo ndani unakaa mkavu bila rangi.

Ila usinunue jembamba. Namba ya geji inakwenda kinyumenyume, ikikua bati linapungua: G28 ni karibu milimita 0.4, G30 karibu 0.3, na vipimo hupishana kidogo kiwanda na kiwanda. Fisha ya G30 ina uso mpana usio na migongo, kwa hiyo inabonyea na kufufuka jua likipanda, unaona mawimbi. Mwambie akunjie G28, na katikati ya uso apige mkunjo mmoja mdogo wa kuipa uti.

Likate kwa mkasi wa bati. Grainda inachoma ile ngozi ya kinga pembezoni, na cheche zinazoruka zinatua kwenye paa jipya, kesho kila chembe ni doa la kutu. Nimewahi kulipia mabati manne ya mteja kwa ajili ya kijana wangu na grainda yake, na sitaki kukumbuka zaidi.

Jambo la pili wengi hawalijui. Dawa ya mbao ina shaba, na shaba ikiwa na unyevu inakula zinki na aluminiamu. Bati likilala moja kwa moja juu ya ubao mbichi wa "treated", unalitobolea kwa nyuma. Ubao ukauke kwanza, upakwe rangi, au katikati upite utepe wa lami. Na kama nyumba yako unaisikia bahari usiku, chumvi itaanza kwenye kingo zilizokatwa na kwenye vichwa vya skrubu. Hapo ama uulize aluminiamu, ama urudi kwenye PVC nyeupe.

Skrubu kila sentimita 40 hadi 50. Ukiacha mita nzima, fisha itapiga ngoma usiku kucha.

Bodi ya saruji

Fupi, kwa sababu huku kwetu bado ni ya wachache. Ni saruji iliyochanganywa na nyuzi, unene wa milimita 10 hadi 16. Haiozi, haiungui, haivimbi sana, inashika rangi kuliko mbao. Lakini ni nzito: kipande cha mita 3 chenye upana wa sentimita 20 ni kama kilo 10, na kukinyanyua kwenye kilele cha gebo ni kazi ya watu wawili wanaoaminiana. Inavunjika ikidondoka, inavunjika ukipiga msumari karibu na ncha bila kutoboa kwanza. Na vumbi lake la kukatia ni baya kwa mapafu. Kitambaa cha kufunga puani hakitoshi, ivaliwe barakoa ya kweli, na ikatwe kwa maji.

Kama unabomoa fisha za zamani za saruji za kijivu kwenye nyumba ya kale, simama kwanza. Nyingi zilikuwa na asbesto. Hizo hazikatwi, hazivunjwi, hazifagiliwi zikiwa kavu, na haziachiwi vijana kwa ajili ya kuchezea au kujengea banda la kuku.

Kwa haraka, kwa fisha ya upana wa sentimita 20

| | Mbao ya paini, inchi 1 | PVC | Bati G28 | Bodi ya saruji |
|---|---|---|---|---|
| Uzito kwa mita | kilo 2.5 hivi | kilo 1 hadi 1.5 | kilo 1 hivi | kilo 3 hadi 4 |
| Kurefuka kwa mita 3, joto likipanda nyuzi 30 | chini ya mm 1 | mm 5 hadi 6 | mm 1 hivi | mm 1 hivi |
| Kubeba gata | ndiyo | hapana, hadi iwe na mgongo | hapana, hadi liwe na mgongo | afadhali kwenye kenchi |
| Kupaka rangi tena | kila baada ya miaka michache | hapana | mara chache | mara chache |
| Adui mkubwa | maji ya ncha na mchwa | jua kwenye rangi nyeusi, jiko | chumvi na grainda | kudondoka |

Jedwali halisemi lolote kuhusu maungio, na gebo ni maungio.

Chukua nyumba yenye upana wa mita 8, paa la digrii 25, upenu umetoka sentimita 60. Kutoka kileleni hadi ncha ya upenu, ukifuata mteremko, ni mita 5 na sentimita 8. Mbao ya futi 12 ni mita 3.66, haifiki. Unapungukiwa mita 1.42 kila upande, na ubao mmoja wa ziada unatoa vipande vyote viwili. Kwa hiyo mbao tatu kwa kila gebo, na ungio moja kila upande. Ungio hilo lazima litue kwenye kichwa cha papi, zile mbao za kupigilia bati. Likining'inia hewani kati ya papi na papi litafunguka masika ya kwanza. Likate mshazari, cha juu kilalie cha chini, ili maji yapite juu ya ungio.

PVC ya mita 5.8 inafika kwa kipande kimoja, unabaki na sentimita 72 za kukata kofia. Hapo PVC imeshinda, hakuna ungio ila la kileleni. Bati linategemea urefu wa mashine ya kukunjia, mara nyingi mita 2 hadi 3. Unaanzia chini, cha juu kinapanda juu ya cha chini kwa sentimita 10. Ukianzia juu, kila ungio litakuwa mdomo wa kumezea mvua. Nimeona hivyo kwenye nyumba ya mtu mwenye gari zuri sana.

Kilele chenyewe usikipime kwa digrii za kwenye mchoro. Paa halijawahi kufanana na mchoro. Chukua kipande cha taka, kilaze chini ya bati kufuata mteremko, ning'iniza timazi kutoka katikati ya kofia, piga mstari kufuata uzi, kata. Kigeuze ujaribu upande wa pili. Vikikutana bila mwanga kupita, hicho ndicho kielelezo chako, chora nacho bodi zote. Visipokutana, gebo limeinama, na ni heri ujue kwa kipande cha taka kuliko kwa bodi nzima. PVC hapo kileleni iachie milimita 6 au 7 kila upande na uzibe kwa kofia ndogo.

Na pale ambapo paa la baraza linakuja kugonga ukuta wa gebo, usiulize fisha bodi yoyote. Pale ni kazi ya bati la kufunikia linalopanda ukutani, ukingo wake wa juu ukiingia kwenye mfereji uliochimbwa kwenye plasta na kuzibwa kwa saruji. Fundi akikwambia silikoni inatosha, mwambie aje alale yeye kwenye baraza hiyo mwezi wa nne.

Ningekuwekea nini

Nyumba ya chini, bajeti ya kawaida, mbali na bahari: mbao iliyotiwa dawa upenu wote, kavu, imepakwa pande nne. Gebo, ubao wa kawaida uliovalishwa bati la rangi ya paa. Hapa pesa kidogo ya ziada kwenye gebo inakuokoa na jukwaa.

Ghorofa: usiache mbao wazi mahali popote juu ya ghorofa ya kwanza. Bati juu ya ubao kwenye gebo, na upenu uwe PVC nyeupe yenye mgongo wa mbao, vishikio vya gata vikipitiliza hadi kwenye mbao.

Kigamboni ya ufukweni, Bagamoyo, Kunduchi: PVC nyeupe, skrubu zisizoshika kutu, na ukipata mafundi wa kuaminika, bodi ya saruji. Nyuma kwenye jiko, mbao au saruji.

Wa nyanda za juu, joto lenu ni pole na ukungu ndio adui. PVC huko inatulia kuliko huku, hata ya rangi, ila paini yenu itachukua muda mrefu zaidi kukauka, msiwe na haraka nayo. Nyumba za kupangisha popote zilipo, weka kitu ambacho mpangaji hawezi kukuambia kimehitaji rangi.

Mama mmoja wa Kibada alitaka PVC ya kahawia kuzunguka nyumba yote. Tulikaa kwenye benchi uani, nikamchorea gebo kwa kijiti kwenye mchanga, jua linatoka wapi, jiko liko wapi. Akaangalia. "Kwa hiyo fundi unataka nyumba yangu iwe na nguo viraka?" Nikamwambia mama, ukiwa barabarani utaona bati la kahawia tu, maana gebo ndilo linalotazama barabara. Upenu wa pembeni ukiwa mweupe, ukuta wako pia ni mweupe. Akakubali, ila akataka upenu wa mbele ya sebule pekee uwe wa kahawia. Huo tukauweka mbao, tukaupaka rangi ya kahawia.

Tangu hapo amenipigia mara moja, usiku, kuhusu popo. Fisha zilikuwa sawa. Popo wadogo wanahitaji mwanya wa sentimita moja na nusu hivi, na kwenye upenu, kati ya fisha bodi na kila wimbi la msauzi, mwanya huo upo nyumba nzima. Nilirudi na nyavu za zamani za waya, mkasi na misumari midogo. Nikasubiri magharibi watoke wote kwenda kula, nikaanza kuziba upande wa jikoni.